Wakuu wa shule wa Nyanda za Juu Kusini, tuzungumze kuhusu saini zetu

Mleta mada

Kamwene wadau. Ugonile kwa ndugu zangu wa Rungwe na Kyela.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mufindi. Nilikuwa mkuu wa shule ya kata kwa miaka sita, sasa nimerudi kwenye chaki, nafundisha Jiografia. Wiki iliyopita walimu wawili niliowahi kufanya nao kazi wamepata barua za uteuzi, mmoja Njombe, mwingine Mbarali, na wote wamenipigia simu na swali moja: "Kaka, nianzie wapi nisije nikaingia matatani?" Nimeona niandike hapa ili wengine nao wasome. Mimi nilipoteuliwa, semina yangu ilikuwa ya siku mbili na sheria haikutajwa hata mara moja.

Nianze na lililonikuta, kwa sababu ndilo linalonipa ujasiri wa kuwashauri wengine.

Mwishoni mwa 2021 zilikuja zile fedha za Uviko za kujenga madarasa, darasa moja milioni 20. Sisi tulipata matatu. Mnakumbuka presha ya kipindi kile: madarasa yakamilike kabla kidato cha kwanza hawajaripoti Januari 2022. Kazi ni ya fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta mafundi bila mkandarasi, kwa hiyo mkuu wa shule ambaye jana alikuwa anasahihisha madaftari, leo anasimamia manunuzi, mapokezi, stoo, mafundi na benki. Ijumaa moja jioni, mvua inanyesha, nikapigiwa simu na mkubwa wangu mmoja wa kazi. Akasema shule jirani saruji yao imekwama njiani, niwape mifuko 40, watarudisha wiki inayofuata. Nikasema sawa mkuu. Pikapu ikaja saa moja usiku. Mwalimu wa stoo akaniuliza, "Mkuu, hii tunaiandika wapi?" Leja ilikuwa imefungiwa ofisini kwangu na ufunguo nilikuwa nimeuacha nyumbani. Nikamjibu tutaandika Jumatatu.

Jumatatu ilikuja na mambo yake. Hatukuandika.

Ilirudi mifuko 15. Machi mkaguzi wa ndani akaja, akapiga hesabu ya saruji iliyonunuliwa, iliyotumika kwa mujibu wa makadirio ya mhandisi na iliyobaki. Pengo mifuko 25. Aliyenipigia simu alikuwa ameshahamishwa, na alipoulizwa akasema hakumbuki maongezi hayo. Mkuu mwenzangu naye hakuwa na karatasi yoyote. Nikaandika barua ya kujieleza mara mbili. Nikaitwa TAKUKURU, nikakaa tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni nikieleza habari ya pikapu. Mahakamani sikufika, namshukuru Mungu, lakini mifuko ile nililipa kutoka mfukoni na ukuu wa shule nikavuliwa. Mke wangu hadi leo akiona lori la saruji linapita barabarani ananyamaza.

Sikuiba hata kijiko. Ila kwenye karatasi, mtu aliyepoteza mifuko 25 ya serikali ni mimi, na karatasi ndiyo iliyosomwa.

Sasa jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Shule ya serikali haina utu wa kisheria. Haishtaki wala haishtakiwi. Mzazi akitaka fidia kwa mtoto aliyeumia, au mwanakijiji akidai shule imeingia kwenye kiwanja chake, anayeshtakiwa ni halmashauri, na tangu marekebisho ya 2020 lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali na atoe kwanza notisi ya siku 90. Wengi tunafarijika hapo, tunasema halmashauri ina wanasheria wake. Ni kweli kwa madai. Lakini likiwa ni jinai au nidhamu ya kazi, halmashauri haipandi kizimbani kwa niaba yako. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 22, inazungumzia mtu anayetumia nyaraka yenye taarifa za uongo kumdanganya mwajiri wake. Kifungu cha 28 ni ubadhirifu. Yote mawili yanamhusu mtu mwenyewe aliyeshika kalamu.

Fikiria pale msambazaji anapokupigia, "Mwalimu, mabati yapo Makambako yanapanda, nisainie hati ya mapokezi ili malipo yasichelewe." Unamfahamu, ni mtu mwema, mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni na pesa isipotumika inarudi. Unasaini. Kuanzia dakika hiyo umetengeneza nyaraka inayosema mabati yapo shuleni wakati yapo Makambako. Yakifika salama hakuna atakayejua. Yasipofika, au yakija ya geji nyembamba, saini ni yako na ya kamati ya mapokezi uliyowaambia wasaini nawe.

Viboko nitavieleza kwa sababu hapo ndipo tunapoanguka kwa mazoea. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinasema visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule ikiwa haina mwalimu wa kike. Vichapwe mkononi au makalioni juu ya nguo. Kosa, idadi na jina la aliyechapa viandikwe kitabuni na mkuu asaini. Niambieni kwa dhati: kitabu hicho kipo shule ngapi hapa kwetu? Na hicho kibali cha maandishi, nani amewahi kukiandika? Mwalimu wa zamu anasimama getini na fimbo saa moja kasorobo, anawachapa waliochelewa, na mkuu yupo ofisini anasikia. Siku mtoto akivunjika kidole, mwalimu atashtakiwa kwa shambulio, na wewe utaulizwa kibali kiko wapi na kitabu kiko wapi.

Wa Mbeya mnalikumbuka la shule ya sekondari ya Mbeya Day, 2016. Video ya walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo wakimshambulia mwanafunzi wa kidato cha tatu ilisambaa nchi nzima. Mkuu wa shule hakuonekana akimpiga mtu, lakini alivuliwa madaraka kwa kutotoa taarifa. Tukio lilitokea mwishoni mwa Septemba, video ikatoka Oktoba. Siku zile za katikati ndizo zilizomponza. Walimu wa mazoezi nao wapo chini yako, wakiingia getini wape kanuni kwa maandishi na wasaini kwamba wamepokea.

Naishia hapo kwa sasa. Michango na mimba najua vitaulizwa.

Mdau, Makete

Asante sana mwalimu, pole kwa yaliyokupata. Mimi ni mwalimu mkuu wa msingi huku Ukingani. Nina binti wa darasa la saba, mama yake alikuja mwenyewe akaniambia mtoto ni mjamzito. Kijana aliyehusika ni wa kijiji cha pili, familia zimeshakaa na wameyamaliza nyumbani, kuna ng'ombe na pesa zimetajwa. Wananiomba nimwandikie mtoto amehama. Mzee wa ukoo amekuja ofisini mara mbili, mtu mzima ninayemheshimu. Nifanyeje?

Mleta mada

Mwalimu, nakuomba usiandike uhamisho huo. Nitakueleza polepole.

Sheria ya Elimu iliongezewa kifungu cha 60A mwaka 2016. Kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Kumwoa ni hivyohivyo. Anayesaidia au kushawishi ndoa ya mwanafunzi naye ana adhabu yake, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo cha miaka mitano au vyote. Na mkuu wa shule anatajwa kwa cheo chake: anatakiwa kutunza kumbukumbu na kupeleka kwa Kamishna wa Elimu au mwakilishi wake taarifa ya kila robo mwaka ya mimba na ndoa za wanafunzi, pamoja na hatua zilizochukuliwa. Kwa hiyo ukiandika "amehama" umefanya makosa mawili kwa mpigo: umeficha tukio ambalo sheria inakutaka ulitaje, na umetengeneza nyaraka ya uongo.

Yule mzee mpokee kwa heshima, mpe kiti, msikilize, mpe shikamoo yake, na mwambie maombi yake huna mamlaka nayo. Usikae kwenye kikao chao hata kama umeitwa kama mwalimu tu. Kikao kile kikija kusomwa mahakamani jina lako litakuwa kwenye orodha ya waliohudhuria. Andika barua leo hii kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa afisa elimu kata, afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi. Kuna shule hutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp na kuona wametoa taarifa. Jina la binti lisiingie kwenye kundi lolote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, yule ni mtoto wa mtu.

Lingine, na hili naomba walimu wote mlishike. Binti huyo hajafukuzwa shule. Tangu tamko la serikali la Novemba 2021 na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa mimba anarudi kwenye mfumo rasmi, na amepewa hadi miaka miwili ya kurejea. Mwambie mama yake hivyo mbele ya binti mwenyewe. Nimewahi kumwona msichana aliyerudi kidato cha tatu, mtoto akibaki kwa bibi yake, akaketi dawati la mbele kabisa kwa sababu hakutaka kuona nyuso za wenzake. Alimaliza. Mkuu aliyempokea alikuwa ameweka barua ya mama, waraka na kumbukumbu za ustawi wa jamii kwenye faili moja, na wajumbe wa bodi walipolalamika aliwafungulia faili wakasoma wenyewe.

Mdau, Njombe

Nichangie upande wa pesa, mimi ni mhasibu. Huku kwetu shule nyingi zina mashamba ya miti, mipaini na milingoti, na sasa parachichi. Wakuu wengi wanaiona ni mali ya shule, kwa hiyo akikosa madawati anamwita mnunuzi, miti inaangushwa Jumamosi, pesa inalipwa mkononi, madawati yanatengenezwa kweli. Halafu anashangaa kuitwa. Miti ile ni mali ya umma. Unahitaji muhtasari wa kamati ya shule au bodi, kibali cha mkurugenzi, afisa misitu aje ahesabu na kuthaminisha, uuzaji wa wazi, na fedha ziingie benki kabla hazijatumika. Ukiwa na madawati 60 mazuri na huna hata karatasi moja kati ya hizo, mkaguzi ataandika hoja, na hoja haioni madawati.

Pia kodi ya zuio: asilimia 2 kwa bidhaa, asilimia 5 kwa huduma, unakata unapolipa na unaipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Shule nyingi zinamlipa msambazaji yote, halafu wakaguzi wakija deni linabaki kwa shule.

Mleta mada

Kaka mhasibu, ahsante, hili la miti nilitaka kulisahau na ndilo letu kabisa huku. Niongeze kwamba anayeuza bila kibali mara nyingi anaamini kamati ilikubali. Kukubaliana chini ya mwembe si muhtasari. Tarehe, mahudhurio, ajenda, azimio, saini ya mwenyekiti na katibu.

Mdau, Uyole

Mimi ni mzazi. Nasoma naona mnajilinda nyinyi kwa nyinyi. Mwanangu wa darasa la tano alirudi Februari na alama mgongoni, alichapwa kwa sababu sijalipa mchango wa mtihani wa kila wiki. Nilipokwenda shuleni niliambiwa nisilete siasa. Huyo mkuu naye mtamfundisha namna ya kuandika karatasi ajiokoe?

Mleta mada

Dada yangu, pole sana, na pole kwa mtoto. Hapana, huyo simfundishi kujiokoa. Kila alichofanya kiko nje ya kanuni. Mgongo si mahali pa kuchapwa. Mchango usiolipwa na mzazi si kosa la mtoto. Tangu Waraka Na. 5 wa 2015 elimumsingi haina ada, na Januari 2018 Rais Magufuli alitoa agizo kwamba walimu wasishike michango na mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili hiyo. Anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi. Mzazi ana sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa, tena hicho chakula kwa makubaliano ya mkutano wa wazazi. Huku kwetu kwenye baridi nimeona hata watoto wanarudishwa kwa kukosa sweta ya rangi ya shule, Juni, asubuhi yenye barafu kwenye majani. Hilo halina utetezi wowote.

Kama alama bado zipo au una picha, nenda polisi uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mtoto aonwe na daktari, peleka nakala ustawi wa jamii, kisha andika kwa mkurugenzi. Omba kwa maandishi kuona kitabu cha adhabu cha siku ile. Swali hilo moja lina nguvu kuliko kelele.

Na nikwambie kwa nini naandika uzi huu. Kanuni zilezile zinazomlinda mkuu wa shule ndizo zinazomlinda mwanao. Kitabu cha adhabu kikiwepo na kikijazwa, mwalimu anafikiri mara mbili. Mkuu anayejua kwamba mchango usio na kibali utamfikisha TAKUKURU hamtumi mwalimu kukusanya. Nimeona shule ambazo mambo haya yanafanyika na watoto wanalala usingizi usiku.

Wakuu wenzangu, mtoto akiumia shuleni, mpelekeni hospitali na mwiteni mzazi siku hiyohiyo. Msianze kutafuta kifuta machozi. Mkianza kumpa mzazi elfu hamsini ili anyamaze, mnaongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Mdau, Ludewa

Mwalimu, na la mabweni? Sisi tuna hosteli iliyoanzishwa na wazazi kwa sababu watoto wanatembea mbali. Usajili bado.

Mleta mada

Hilo linaninyima raha. Wa Iringa hatujasahau shule ya sekondari ya Idodi, Agosti 2009, bweni la wasichana liliungua usiku na wanafunzi 12 wakafariki. Bweni lako likiwa halijasajiliwa, nia njema ya wazazi haitakusaidia siku ya tatizo. Andika kwa mkurugenzi na mdhibiti ubora wa shule sasa hivi, ueleze idadi ya watoto, umbali wanaotembea na hali ya jengo. Omba ukaguzi wa Zimamoto. Wakati unasubiri majibu: nondo za madirisha ziwe na mahali pa kufunguka, mlango usifungwe kwa kufuli kutoka nje, mishumaa na koroboi marufuku, matroni alale humohumo. Hayo hayasubiri kibali cha mtu.

Mdau, Mbarali

Kaka, ni mimi niliyekupigia. Swali la mwisho. Nina mwalimu ambaye hajaonekana siku nane, na mkuu ninayempokea ananiambia nimhifadhi tu, ana matatizo ya familia. Makabidhiano ni Jumatatu.

Mleta mada

Mdogo wangu, mwalimu kwanza. Siku tano bila ruhusa tayari ni kosa zito, halipo tena kwenye mamlaka yako. Mkuu wa shule ni mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi, mazito yanakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani. Mpigie, nenda hata kwake ukamwone, kama ana msiba au ugonjwa msaidie aombe ruhusa kwa maandishi. Lakini daftari la mahudhurio lisisainiwe kwa niaba yake hata siku moja, na taarifa iende. Ukimfichia, mshahara anaoupokea bila kufanya kazi utaulizwa wewe.

Makabidhiano usiyafanye ofisini kwa chai. Omba mjumbe kutoka ofisi ya afisa elimu awepo. Zungukeni. Madawati yahesabiwe, na yaliyovunjika yaandikwe kama yaliyovunjika. Stoo ifunguliwe, mifuko ihesabiwe mmoja mmoja na leja isomwe hapohapo. Taarifa ya benki iwe ya siku hiyo. Uliza madeni ya wazabuni kwa majina, uliza hoja za ukaguzi ambazo hazijajibiwa, uliza hati ya eneo la shule na kama haipo iandikwe haipo. Ukikuta kitabu cha adhabu hakuna, hilo nalo liandikwe.

Mwenzako akikwambia, "Saini tu, mengine tutarekebisha Jumanne," mwambie unaomba mrudi Jumanne mmalizie ndipo usaini. Atakasirika kidogo. Nitakuwa na simu mkononi kuanzia saa mbili asubuhi, nipigie ukikwama.